Mifupa baada ya kutolewa thairoidi: dozi ipi, kalsiamu ipi, kipimo kipi

Swali hili halipiti wiki nyingi bila kufika kwenye kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi, hapa Ngara, Nairobi. Mama amefanyiwa upasuaji wa goita, anameza Eltroxin au Euthyrox, na jirani amemtia hofu kwamba tembe hizo zinakula mifupa. "Daktari, nipe kalsiamu ile nzuri." Nami humrudishia swali: "Mama, TSH yako ya mwisho ilikuwa ngapi, na tezi ilitolewa kwa sababu gani?" TSH ni kipimo cha damu kinachoshuka homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, ikizidi, na kupanda ikipungua. Wengi hawakumbuki. Lakini majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko kopo lolote lililo kwenye rafu yangu. Kiasi cha homoni kinachozunguka kwenye damu ndicho kinachoitikisa mifupa. Kalsiamu huja nyuma yake.

Dozi ya kujaza pengo au dozi ya kukandamiza

Sanduku ni lilelile, tembe ni zilezile za levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi iliyotengenezwa kiwandani, ila zinaweza kuwa zinafanya kazi mbili tofauti.

Kazi ya kwanza ni kujaza pengo. Umetolewa tezi yote kwa sababu ya goita isiyo saratani au ugonjwa wa Graves, ule unaoifanya tezi itoe homoni kupita kiasi, mwili hauwezi tena kujitengenezea homoni, basi unapewa ile uliyokuwa nayo zamani. Kwa kawaida ni karibu maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mama wa kilo 65 huanzia kwenye 100 hivi. Lengo ni TSH irudi kwenye kiwango cha kawaida, ambacho maabara nyingi hukiandika kama 0.4 hadi 4.0.

Kazi ya pili ni kukandamiza. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo na kuichochea thairoidi ifanye kazi. Seli za saratani ya thairoidi zilizosalia nazo huisikia sauti hiyo. Daktari wa saratani basi hukupa homoni zaidi ya mahitaji ya mwili ili TSH inyamaze. Mwongozo wa Shirika la Thairoidi la Marekani wa 2015 uliwagawa wagonjwa kwa hatari ya saratani kurudi. Walio kwenye hatari kubwa, TSH ishushwe chini ya 0.1 mwanzoni, hatari ya kati, 0.1 hadi 0.5; hatari ndogo wasioonyesha dalili yoyote ya mabaki, 0.5 hadi 2.0, ambacho ni kiwango cha mtu wa kawaida tu. Mwongozo huohuo ulitaka lengo liangaliwe upya kadiri miaka inavyopita, na umri wa mgonjwa, moyo wake na mifupa yake vitiwe kwenye hesabu.

Mfupa hautulii. Sehemu moja inabomolewa, nyingine inajengwa, na duru moja ya kazi hiyo huchukua siku 200 hivi. Homoni ya thairoidi ikizidi, duru hufupika hadi karibu nusu, na wabomoaji humaliza kabla wajenzi hawajafika. Estrojeni ndiyo inayowashika breki wabomoaji. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 35 anayepata hedhi anaweza kukaa na TSH ya chini kwa muda na kipimo cha mifupa kisionyeshe tofauti kubwa, ilhali mwenzake wa miaka 58, kwa dozi ileile, anapoteza mfupa, hasa wa nyonga na wa mkono karibu na kiganja.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2001 uliwafuatilia wanawake waliozidi miaka 65. Waliokuwa na TSH ya 0.1 au chini yake walivunjika nyonga mara tatu zaidi ya wenzao wenye TSH ya kawaida, na pingili za mgongo mara nne zaidi. Jambo ambalo watu husahau kulisimulia ni hili: TSH ilipoingizwa kwenye hesabu, kule kumeza homoni kwenyewe hakukuongeza hatari ya kuvunjika nyonga. Jirani wa yule mama amepatia nusu tu.

Kwa hiyo, ukiniuliza nichague: kama tezi yako haikuwa na saratani na TSH inasoma 0.05, hiyo dozi imezidi na haina faida yoyote ya kukulipa kwa mifupa unayopoteza. Rudi kliniki. Kama ilikuwa saratani, usipunguze tembe kwa sababu umesoma hapa. Muulize daktari wako kama bado uko kwenye kundi la hatari ulilowekwa siku ya kwanza. Kuna mama alinionyesha karatasi zake, amezipanga kwenye faili la plastiki kwa miaka. Mstari wa thairoglobulini, ile inayopimwa kuona kama kuna mabaki ya saratani, ulisoma "haionekani" ukurasa baada ya ukurasa. Mstari wa TSH: 0.03, na herufi L pembeni, alama ya kwamba iko chini. Dozi ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye barua ya kutoka hospitalini, 150, na hedhi ilikuwa imekoma tangu hapo. Hakuna aliyekuwa amekosea kumwanzishia; hakuna tu aliyekuwa ameuliza tena. Daktari wake alimshusha hadi 125. Dozi ikibadilika, TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa dawa hii huondoka mwilini polepole na ukipima mapema utadanganyika.

Nikiwa hapo kwenye maabara, neno moja kuhusu vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vingi vina bayotini kwa wingi, na katika mashine fulani za maabara bayotini huishusha TSH kwenye karatasi ingawa kwenye damu iko sawa. Mtu anapunguziwa dozi kwa sababu ya nywele. Viache siku mbili au zaidi kabla ya kutolewa damu, na umwambie aliyekuagizia kipimo.

Pia ukibadilisha kampuni ya tembe kwa sababu ile ya kawaida imeisha dukani, chukulia kama umebadilisha dozi: pima tena. Mimi nikiona Eltroxin imekwisha na mteja anataka Euthyrox, naiandika tarehe kwenye sanduku ili akaione kliniki.

Kuna walio kwenye hesabu tofauti kabisa

Nyuma ya thairoidi zimejificha tezi nne ndogo kama punje za mchele, parathairoidi, zinazotawala kalsiamu ya damu. Wakati wa upasuaji zinaweza kuguswa, kukosa damu au kuondolewa. Dalili ni ganzi na kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye vidole, halafu misuli kukaza. Kwa wengi hupita baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hudumu, na hao humeza kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamilishwa, kama alfakalsidoli au kalsitrioli.

Kwa mama huyo kalsiamu ni dawa ya kumweka hai leo, si nyongeza ya mifupa ya uzeeni. Ajabu ni kwamba homoni ya parathairoidi ikikosekana ubomoaji hupungua, na kipimo cha mfupa mara nyingi husoma juu. Ushauri wote utakaofuata kuhusu kupunguza au kuacha kalsiamu ya dukani haumhusu. Akianza ganzi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kaboneti au sitreti

Sasa turudi kwenye kopo.

| | Kalsiamu kaboneti | Kalsiamu sitreti |
|---|---|---|
| Kalsiamu halisi ndani yake | karibu asilimia 40 | karibu asilimia 21 |
| Imezwe lini | pamoja na chakula | wakati wowote |
| Inahitaji asidi ya tumbo | ndiyo | hapana |
| Kinachowasumbua watu | gesi na choo kigumu | tembe nyingi, bei juu |

Soma kopo kwa makini. Likisema kaboneti miligramu 1250, kalsiamu halisi ni 500. Likisema sitreti miligramu 1000, ni kama 210 tu. Nimeona watu wawili wakilinganisha makopo na kuamua lenye namba kubwa ndilo lenye nguvu.

Kwa mwenye tumbo zima, kaboneti inatosha, na pesa inayobaki inanunua maziwa. Sitreti naipendekeza kwa mtu anayemeza omeprazoli kila siku kwa vidonda vya tumbo (na Nairobi hii ni wengi), kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, na kwa anayefungika choo hadi anaacha dawa. Omeprazoli hiyohiyo huweza kupunguza hata levothairoksini inayoingia mwilini, kwa hiyo itaje kliniki.

Aina yoyote utakayochukua, usizidishe miligramu 500 za kalsiamu halisi kwa mara moja. Matumbo hayapokei zaidi vizuri. Tembe mbili za asubuhi "ili nimalizane nazo" ni hasara.

Asubuhi au usiku

Hapa ndipo maisha ya Nairobi yanapogongana na maandishi ya kwenye sanduku. Kalsiamu hushikana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie, hivyo vinatakiwa kuachana kwa saa 4. Vidonge vya kuongeza damu vilevile, na dawa za maji za kutuliza asidi. Na chai yetu, ya maziwa yaliyochemshwa pamoja na majani, inahesabiwa: subiri angalau nusu saa baada ya tembe, saa nzima ni bora.

Anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi matatu ya kutoka Kayole anaweza kuimeza anapofungua macho, kwa maji matupu, kisha aoge, awaandae watoto, na chai aikute baadaye. Kalsiamu aiweke kwenye chakula cha mchana, na ya pili, kama ameandikiwa, kwenye chakula cha jioni. Mpango huu ni mzuri kwa mtu ambaye asubuhi yake haibadiliki.

Ambaye chai ndiyo kitu cha kwanza kinachogusa mdomo wake, na hataacha hata ukimhubiria, afadhali ahamie usiku: levothairoksini wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula. Lakini sasa kalsiamu ya jioni haifai tena. Inahamia asubuhi na mchana. Watu huhamisha tembe moja na kusahau kuhamisha nyingine, halafu TSH inapanda bila sababu inayoeleweka. Wauguzi wa zamu hulalamika kwamba mpango wa usiku unawavuruga, nami nakubaliana nao; kwao saa ya asubuhi, ikiwa wametoka kazini au wanaenda, hushikika zaidi.

Sahani au tembe

Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, na aliyezidi 50 anahitaji 1200. Hesabu hiyo inajumlisha chakula. Kikombe cha maziwa au mala kina karibu 300. Omena wa kukaushwa, kwa kuwa unamla na mifupa yake, ana kalsiamu nyingi kuliko anavyoheshimiwa. Wimbi lina kama miligramu 340 kwa gramu 100 za unga, ingawa si zote zinazoingia mwilini. Uji wa wimbi uliochachushwa hupunguza kile kinachoifunga. Sukuma wiki ni bora kuliko spinachi na mchicha kwa kazi hii, maana hizo mbili zina okzaleti inayoishika kalsiamu isitoke. Bei ya fungu la sukuma unaijua.

Ukipata vikombe viwili vya maziwa, sukuma jioni na omena mara kadhaa kwa wiki, pengo linalobaki ni dogo, tembe moja kwa siku inalifunga au hata haihitajiki. Mimi ningeanza na sahani. Tembe zinazidi kufaa kwa mtu ambaye maziwa yanamsumbua tumbo, au anayekula mara moja kwa siku kwa sababu ya kazi. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo asijinunulie kopo bila kuuliza.

Vitamini D: tuko karibu na ikweta, jua lipo, ila ofisi za Upper Hill hazina jua ndani, na anayeingia kazini kabla halijachomoza na kutoka likizama halipati. Anayevaa buibui au jilbabu hali kadhalika. Kipimo cha damu kipo lakini bei yake huwashtua watu; IU 600 hadi 800 kwa siku ni kiasi cha kawaida ambacho huweza kumezwa bila kupima.

Halafu sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, ambayo hakuna anayeitaja akiulizwa dawa anazotumia. Hupunguza uzito wa mfupa kwa muda wote unaoitumia, na sehemu kubwa hurudi ukiiacha. Kwa mwanamke mwenye TSH ya kawaida silifanyi suala kubwa. Kwa aliye kwenye dozi ya kukandamiza, aiweke mezani na daktari alinganishe na njia nyingine.

DEXA, eksirei, au kile kifaa cha barabarani

DEXA ndiyo inayopima uzito wa mfupa wa nyonga na mgongo. Unalala kitandani dakika chache, miale ni kidogo sana, na karatasi inatoka na namba inayoitwa T. Kuanzia -1 kwenda juu ni sawa; kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, yaani mfupa umedhoofika hadi kuvunjika kirahisi. Mashine ziko kwenye hospitali kubwa chache, piga simu kwanza uulize bei na kama inafanya kazi wiki hiyo, na uulize mapema bima yako, SHA au ya binafsi, inalipa kiasi gani.

Eksirei ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake. Mfupa lazima uwe umepoteza karibu theluthi moja ndipo eksirei ianze kuonyesha. Ni nzuri kuonyesha pingili iliyokwisha kubonyea, basi.

Kile kifaa unachoshikilia chuma mkononi kwenye hema la afya, kinachochapisha kurasa kumi na tano kuhusu ini, mifupa na "sumu mwilini", hakipimi mifupa. Mara nyingi anayekiendesha ana makopo ya kuuza kwenye meza ya pili.

Nani alipie DEXA? Ambaye hedhi imekoma na TSH yake imewekwa chini kwa makusudi, huyo ningempeleka kabla ya kununua hata kopo moja. Aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu akiwa amesimama, vilevile. Aliyeishi na Graves kwa miaka kabla ya upasuaji alikwisha kupoteza mfupa wakati ule, ingawa hurudi kwa kiasi homoni ikitulia. Wa miaka 30, goita isiyo saratani, TSH 1.8: pesa hiyo inunue viatu vya kutembelea. Kutembea Karura, kupanda ngazi za gorofa badala ya lifti, kubeba na kunyanyua, vyote huutwisha mfupa mzigo unaouimarisha. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, ila maji yanakubeba wewe.

Ikibidi dawa ya mifupa

T ikiwa -2.5 au chini yake, au mfupa umevunjika, kalsiamu peke yake haitoshi tena. Nafuu kuliko zote ni alendroneti, tembe ya miligramu 70 mara moja kwa wiki. Shida yake kwetu ni kwamba nayo inataka tumbo tupu na maji matupu, na baada yake hulali kwa nusu saa wala huinami kupiga deki, maana huchoma umio. Siku hiyo alendroneti hutangulia, levothairoksini baada ya nusu saa, na chai baadaye zaidi. Wanaomeza levothairoksini usiku hawana mgongano huu.

Zoledroneti ni dripu ya mara moja kwa mwaka, inamfaa mwenye vidonda vya tumbo au anayesahau. Figo hupimwa kwanza, kalsiamu na vitamini D hurekebishwa kwanza, na meno ya kung'olewa hung'olewa kwanza. Ambaye parathairoidi zake ziliharibika asiipokee kabla daktari wa homoni hajakubali, kwa kuwa inaweza kuishusha kalsiamu ya damu ghafla.

Denosumabu ni sindano ya kila miezi 6. Inafanya kazi vizuri, lakini haisubiri: ukichelewa au ukiacha bila kuingizwa kwenye dawa nyingine, mfupa hupotea kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Kwa mtu anayelipa mfukoni mwake na hana uhakika wa pesa ya miezi 6 ijayo, au anayehamia shamba ambako sindano haipatikani, ningemwambia daktari waziwazi na kuomba alendroneti au dripu ya mwaka.